Wajumbe wa Kombe la Magodoro

Siku ile mjinga alikuwa Mugambi. Hilo tuliweke mezani mapema, maana yeye mwenyewe halifichi. Ukimkuta stesheni ya Quakers Hill hapa Sydney akisubiri treni ya kumpeleka kazini atakusimulia bila kuombwa, na atacheka kabla hujacheka. Ni kweli walikuwa wanaume watatu walioingia nyumba ya watu na kreti ya soda, lakini wawili walikuwa wafuasi tu. Msemaji, mwenye tai shingoni katika joto la Desemba la kulainisha lami, alikuwa yeye.

Chanzo kilikuwa Destin, mwana wa Honorine wa Macquarie Fields. Mtoto alitua Sydney na mama yake kutoka Bukavu akiwa na miaka sita, na akiwa na miaka kumi na mitano duka zima lilikuwa halina kiatu cha kumwenea. Akacheza raga ya shule hadi wakaja Wamarekani wenye saa za kupimia mbio, wakampima, wakapima tena kana kwamba hawaamini, wakamchukua chuo kikuu akacheze mpira wao, ule wa helmeti na mabega ya kuvimba, ambao mpira wenyewe una umbo la yai. Kazi yake uwanjani ilikuwa moja: kumfukuza mrushaji wa timu pinzani na kumlaza chini. Aliifanya vizuri sana.

Kwa miaka minne jamii yetu ya Waafrika iliamka naye. Jumamosi yao kule ni Jumapili asubuhi huku, na mchungaji alishazoea kuona nusu ya wanaume wakiingia ibadani wakati wa matangazo, sauti zimekauka kwa kushangilia. Mugambi alijifunza sheria za mchezo ule kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi, akawa mwalimu wa wengine. Aliwafundisha makosa matupu, lakini kwa uhakika mkubwa.

Mwaka wa nne timu ya Destin haikufika kwenye hatua za ubingwa. Ikaalikwa kucheza mechi moja ya kufungia mwaka, mechi ya heshima tu, kugombea kombe lililodhaminiwa na kampuni ya magodoro. Huko Marekani labda ilikuwa mechi ya kawaida. Huku Sydney ilikuwa harusi. Ukumbi ulikodishwa, skrini ikapatikana, akina mama wakanunua kitenge kimoja na kushona sare, kila gauni na namba tisini na nne mgongoni. Mugambi, ambaye hakuna posa wala ubatizo wa Waafrika kati ya Westmead na Campbelltown usiopitia kwenye maikrofoni yake, aliteuliwa kuongoza sherehe.

Halafu Jumanne, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, Destin akatangaza kwamba hatacheza. Mwezi wa nne timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo, naye alitaka kufika huko akiwa na miguu yake miwili mizima.

Mtandao ukawaka moto. Watu ambao hawajawahi kukimbia hata kuwahi basi walimwita mwoga. Mmoja alijirekodi akichoma jezi namba tisini na nne kwenye jiko la nyama, na mwingine akaandika kwamba kijana amewauza wenzake. Na huku kwetu, katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na zaidi, Mugambi akatuma sauti ya dakika tatu. Alijua ni utani. Utani ndio uliomlea: alikuja Sydney kusomea uhasibu, ada ikamshinda, akaosha sufuria za hoteli, akabeba matofali, akalala sebuleni kwa watu, na kila alipoanguka aliinuka na kichekesho. Sasa ni msukuma vitanda hospitalini na hujiita dereva wa kimataifa. Kwa hiyo alitania. Sauti ile ikasambazwa Melbourne, ikafika Perth, na kabla ya chakula cha jioni ilikuwa imerudi kwake mwenyewe kutoka kwa shemeji yake wa Meru.

Wazo la wajumbe lilikuwa lake pia. Kijana ana mama, alisema, na mama ana mlango. Ukitaka kitu kikubwa katika nyumba ya watu huandiki matusi mtandaoni. Unavaa vizuri, unabeba soda, unaenda na wenzako, unaketi, unanywa chai, kisha unasema. Ndivyo wasichana wanavyoombwa na ndivyo ugomvi wa mashamba unavyomalizwa. Mpira wa kofia una ugumu gani?

"Mimi siendi," alisema Jerusha, mke wake, ambaye ni nesi na hana muda wa maneno marefu.

"Msafara bila mwanamke haupendezi, mama."

"Wewe kila Jumatatu unasukuma vijana waliopasuka magoti Jumapili. Unawapeleka eksirei, unawapa pole. Leo unaenda kumwombea mwingine kitanda?"

"Mechi moja tu, Jerusha!"

"Goti nalo hupasuka mara moja tu. Funga tai yako vizuri, imekaa kama kamba ya mbuzi."

Basi Jumamosi saa nne asubuhi wakajipanga mlangoni kwa Honorine. Mbele Mugambi. Nyuma yake Cheruiyot, mwenyekiti wa jamii, mtu wa ofisi, mpole, ambaye hutikisa kichwa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Kreti ilibebwa na Aimé, mtu wa ghala, mzaliwa wa Bukavu kama Honorine, na ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote.

Honorine alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa ametoka shifti ya usiku katika nyumba ya wazee. Akawatazama: tai, kreti, nyuso za ibada.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mama Destin! Tumekuja kwa heri."

"Kwa heri na tai? Haya, karibuni, ba papa."

Akawakalisha, akawapa chai na maandazi ya moto, akaketi mbele yao mikono juu ya magoti. Mugambi akasimama. Akakohoa kile kikohozi chake cha maikrofoni.

"Mama Destin, sisi ni wasafiri. Tumepita mitaa mingi, tukaona katika boma hili kuna kitu chetu. Hatukuja kwa nguvu. Tumekuja na mioyo safi, na upendo, na heshima kubwa kwa kijana wetu ambaye tunamthamini kama—"

"Ngoja kidogo, Papa Mugambi," alisema Honorine. Akachukua simu yake mezani, akaigusa mara mbili, akaiweka katikati ya vikombe.

Simu ikasema, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliijua: "Ndugu wapendwa, kwa masikitiko makubwa natangaza kupotea kwa simba wetu. Mara ya mwisho alionekana akiogopa godoro. Yeyote atakayemwona, ampe maziwa, amkune kichwa, maana sasa ni paka..."

Iliendelea. Dakika tatu ni ndefu sana ukiwa umesimama na tai. Cheruiyot alisoma maandishi ya chupa ya soda kuanzia juu hadi chini.

"Endelea sasa," Honorine alisema ilipokwisha. "Ulikuwa umefika kwa heshima."

Mugambi akaketi. Lakini Aimé hakuja Macquarie Fields kula maandazi.

"Dada Honorine, utani tuache. Batu banasema mutoto amekimbia vita. Amewaacha wenzake mbele ya adui. Ni haya kwetu sote."

Honorine alimgeukia taratibu.

"Vita, Aimé? Wewe ndiye unaniambia vita? Mimi na wewe tulikimbia vita, tukiwa tumebeba batoto na sufuria. Hakuna mtu alituita baoga. Destin hakukimbia vita. Amekataa mchezo."

"Lakini sare zimeshonwa!"

"Mutavaa Krismasi."

"Mama Destin," Mugambi akajaribu tena, sasa bila kikohozi, "hatumlazimishi. Ila kijana ni wa watu wote. Tumeamka naye miaka minne. Tulimwombea kila Jumapili. Ukimwambia wewe, atakusikia. Neno moja tu."

"Munataka neno langu?"

"Hilo tu."

"Basi ombeni yeye mwenyewe. Mwili ni wake."

Akapiga simu ya video. Kule ilikuwa Ijumaa jioni. Destin akatokea akiwa na taulo shingoni, uso umejaa skrini nzima, nyuma yake vyuma vya mazoezi. Alipoona wanaume watatu kwenye kochi la mama yake, naye akauliza ni nani amekufa.

"Hakuna, mwanangu," Mugambi alisema. "Ni sisi wajomba zako."

"Tonton Mugambi. Nilisikia sauti yako."

"Ah. Ilifika huko?"

"Imefika kwa timu nzima. Mkenya mmoja wa hapa chuoni aliitafsiri."

Aimé akasogea mbele, akasema yote aliyokuja nayo: haya, wenzake, sare, ukumbi, watoto wa mtaa wanaomtazama yeye. Destin alisikiliza. Alikuwa anaelewa Kiswahili chote lakini kukisema kulimchosha, akawa anachagua maneno mojamoja kama mtu anayevuka barabara.

"Mwaka jana, mechi kama hii, rafiki yangu alicheza. Alikuwa bora kuliko mimi. Goti likaenda. Mwezi wa nne tuliketi naye siku tatu kusubiri timu zimuite, simu mezani. Haikulia." Akajipangusa uso. "Sasa hivi anauza magari. Hao wanaoniita mwoga, hakuna hata mmoja anayejua jina lake."

Destin angenyamaza hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtoto wa watu, amelelewa kusalimia wakubwa kwa mikono miwili, na siku nne za matusi zilikuwa zimemla.

"Timu wamesema mpaka Jumatatu naweza kurudi. Sijui. Kama nyinyi wote munaona nimekosea... kama ba tonton wamevaa tai kuja kwa mama... nitacheza. Nitacheza tu, iishe."

Mugambi alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Katika maisha yake yote ya kusemea wengine, hakuna posa iliyowahi kukubaliwa haraka hivyo. Alitazama uso ule mkubwa, macho yamewekwa pembeni ya skrini ili yasikutane na ya mtu, akajisikia kama aliyempora mtoto mkate. Akamtazama Honorine. Honorine hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kikombe cha chai asiyoinywa.

"Safi kabisa!" Aimé alipiga goti lake. "Huyo ndiye mutoto wetu! Kocha wako atafurahi."

"Kocha gani?" Destin akauliza.

"Si yule wako, mzee wa miwani, aliyekuja hadi hapa kukuchukua?"

"Tonton, yule ameenda. Amepata chuo kingine, kikubwa. Ni wiki mbili sasa. Alituaga kwa ujumbe wa simu, sisi sote pamoja. Hata yeye hatakuwa kwenye hii mechi."

Habari hiyo Mugambi alikuwa ameiona. Aliiona kwenye simu akiwa kazini, akampongeza mtu yule asiyemjua, akaandika chini yake kwa Kiingereza kizuri kwamba mwanamume lazima apande ngazi. Tena aliweka na vidole gumba vitatu.

"Mwanangu," alisema haraka, "hebu ngoja. Usiseme utacheza. Hatukusikia. Cheruiyot, wewe ulisikia kitu?"

"Mimi nilisikia," alisema Aimé.

"Wewe nyamaza, Aimé, kula andazi. Destin, ile sauti yangu naifuta leo, na nitatuma nyingine. Mjinga ni mimi."

"Lakini amekubali mwenyewe!" Aimé alisimama. "Amesema atacheza! Mwenyekiti, sema kitu!"

Cheruiyot hakupenda kuona msafara wake ukipasuka katikati mbele ya mwenye nyumba. Akarekebisha miwani, akatafuta neno la kuwaweka wote pamoja, na kwa bahati mbaya akalipata.

"Tusichanganye mambo, ndugu zangu. Kocha ni tofauti. Kocha ni mtu mzima, yuko kazini, ana familia ya kulisha. Akipata nafasi nzuri lazima aangalie maisha yake ya mbele. Huwezi kumlaumu mtu kwa hilo."

Aimé akaitikia kwa kichwa. Destin, upande ule wa pili wa dunia, akainua macho kutazama skrini sawasawa kwa mara ya kwanza. Honorine akaweka kikombe chini.

"Na mama yake huyo kocha," akauliza, "mulimuendea siku gani?"