Ufa wa Ukuta na Watu Wanaongojana

Tangu tetemeko lile dogo, Doña Eufrasia hakuwa na amani. Ukuta wa shule ya mjukuu wake ulikuwa na ufa, na watoto walikuwa wakinywa uji wa asubuhi chini yake. Yaretzi, binti yake, ni injinia wa majengo hapo hapo mjini Puebla, Mexico, na mwalimu mkuu alikwisha kumwomba aje autazame.

"Nitaenda mama, kazi zikipungua."

Zipungue wapi. Jua linazama Yaretzi yuko kitini, anaremba michoro iliyokwisha kurembwa, maana pale ofisini hatoki mtu kabla ya bosi, Don Heriberto. Asubuhi anaamka macho mazito, hata binti yake anaogopa kumsemesha.

Jioni moja Eufrasia akabeba kikapu cha tamale, vile vitafunio vya unga wa mahindi, akaenda ofisini mwenyewe. Akawakuta wote wameinamia meza, mmoja anachonga penseli iliyobaki ncha tupu. Akawapita hadi kwa Don Heriberto. Mzee alikuwa anacheza karata kwenye kompyuta.

"Don, wewe huna mke?"

"Ninaye, Doña. Na amenuna."

"Sasa mbona huendi kwako?"

Akashusha sauti. "Nitatokaje na vijana bado wanachapa kazi? Wataniona mvivu."

Eufrasia akatua kikapu mezani pake. "Baba, wao wanakungoja wewe. Mnaviziana humu kama paka na panya, na ukuta utawaangukia watoto wa watu."

"Ukuta upi?"

Alikuwa hajaambiwa. Yaretzi aliona aibu kuomba ruhusa ya kutoka. Don Heriberto akavaa kofia yake mbele ya wote. "Yaretzi, kesho nisikuone hapa. Nenda shuleni."

Kesho yake Yaretzi akatia kidole kwenye ufa, kikazama. Akatia mkono, ukazama mpaka kiwiko. Akamwambia mpishi wa uji polepole, "Shangazi, wahamishe watoto. Sasa hivi."

Watoto wakatolewa uji ukiwa haujapoa. Mafundi aliowaita walipoleta nguzo za kuuegemeza, ukuta ukalala wenyewe, vumbi likajaa sufuriani.

Jua lilikuwa bado juu Yaretzi aliporudi nyumbani. "Mama, siku zote zile nilikuwa naremba mistari."

Eufrasia akamsogezea kiti.

Nanyi wenye watoto maofisini, mwana akichelewa kurudi msijisifu kwa majirani kwamba ana bidii. Muulizeni ni ukuta gani aliouacha.