Besi ya Dobi

Bendi yetu iliitwa Kaburi Wazi. Kwa miaka kumi na tisa tulipiga muziki wa metali nzito kuhusu mauti, mafuvu na majeneza, na mwimbaji wetu alikuwa na nyimbo kumi na nne za kumkaribisha Ziraili nyumbani kama mgeni wa chai. Siku tulipokuwa na kaburi la kweli mbele yetu, la mpiga besi wetu, mwimbaji huyohuyo alichungulia ndani mara moja tu, akazirai, shangazi wawili wa marehemu wakambeba mpaka kivulini na kumpepea kwa khanga. Hiyo ndiyo metali.

Marehemu tulimwita Dobi kwa sababu ndiyo kazi yake ilikuwa. Kuanzia alfajiri mpaka saa tisa alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na jioni akafua nguo zetu. Watu walikuwa wakituona jukwaani na fulana nyeusi zilizotapakaa damu ya bandia, wakidhani hawa jamaa wametoka kuzimu. Walikuwa wametoka kwa Dobi. Fulana za Radi, mpiga gitaa na mwenye bendi, zilikuwa na mkunjo ulionyooka begani kama shati la karani, na kola ambayo fulana haina Dobi angeitafuta aipige pasi.

Mimi ni fundi mitambo. Nakaa mwisho wa ukumbi nyuma ya meza yenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, na kwenye mikisa kuna safu ya vidude vya kusukuma, kila kimoja na kipande cha plasta nilichoandika jina la mwenyewe kwa kalamu. Nikisukuma kidude chako juu, unasikika. Nikikishusha, hata upige mpaka kucha zing'oke, wewe ni mtu anayejikuna tumbo mbele ya kadamnasi. Kidude cha saba kiliandikwa DOBI.

Katika onyesho letu la kwanza kabisa Radi alinijia akaniambia, "Fundi, hiyo besi inaniziba. Ishushe." Nikaishusha. Onyesho la pili akasema tena. La tatu hakuwa na haja ya kusema. Alinitazama kutoka jukwaani na kugeuza dole gumba chini, nami nikateremsha kidude cha saba mpaka mwisho. Kikazoea hapo. Vumbi likajaa juu ya ule mfereji wake, ambako hakikupita tena.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, ila wahenga hawakuwahi kufanya kazi chini ya debe. Mimi nilifanya. Ningependa kujitetea kwamba nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na miaka thelathini na mbili na ndevu.

Baada ya kila onyesho Dobi alikuja mezani kwangu akikunja waya wake vizuri, duara juu ya duara, na kuniuliza swali lilelile. "Fundi, leo nilisikika?"

"Ulisikika mpaka barabarani," nilimjibu.

Alikuwa anatabasamu hadi masikioni, kisha ananisaidia kubeba spika. Miaka kumi na tisa! Na mimi namwachia upande mzito.

Sehemu moja tu alisikika kweli, nayo aliiomba mwenyewe. Mpiga dramu wetu, Nyundo, ana mikono yenye nguvu na akili yenye haraka. Akisikia gitaa la Radi anakimbia kama aliyeacha chungu motoni. Wiki ya kwanza Dobi alinivuta kando. "Kaka, ile spika ndogo ya Nyundo, mwekee besi peke yake. Nitamshika." Nikafanya hivyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi na Radi asingejua. Spika yenyewe, inayosikika kwake tu na isiyopitia vidude vile, ukubwa wake ni kama sanduku la nguo. Nikaisahau.

Mama yake Dobi alikuja mara moja tu. Alikaa karibu nami, mkoba mapajani, pamba kwenye masikio yote mawili, akastahimili nyimbo tatu. Halafu akaniinamia. "Samahani, baba. Katika hizi kelele, wangu ni ipi?"

"Ile nzito, Mama. Ile ya chini."

Akatoa pamba ya sikio moja. Akasikiliza kwa bidii, uso umekunjamana, akitafuta kitu ambacho sikuwa nimekiweka. Mwishowe akatikisa kichwa kwa adabu na kusema, "Eeh. Nzuri." Kisha akarudisha pamba. Nimewahi kudanganya watu wengi katika kazi hii, lakini uongo ule ulikuwa ukinirudia hata nikiwa napiga mswaki.

Basi Dobi akafa. Alijilaza Jumapili mchana baada ya kuanika nguo, hakuamka. Fulana zetu zilikuwa bado kwenye kamba.

Hapo ndipo alipoanza kuwa maarufu. Maiti hana mdomo, na Radi anao wa watu wanane. Alikwenda redioni akasema Dobi alikuwa "nguzo", "uti wa mgongo", "sauti iliyotikisa kizazi". Gazeti likaandika kwamba besi yake ilipasua vifua vya watu, na mwandishi huyo namjua. Alikuwa akija kula bure na kuondoka kabla hatujawasha mitambo. Yakaandaliwa maonyesho ya kumbukumbu, onyesho moja kwa kweli, Jumamosi saa tisa alasiri. Kwenye bango Radi alijaa kuanzia juu mpaka chini. Picha ya Dobi ilikuwa pembeni, ukubwa wa stempu, akiwa na tai, kwa sababu ilitolewa kwenye kitambulisho chake cha hotelini. Katika picha zote za bendi alikuwa amekatwa bega au kichwa.

"Mpiga besi mpya ni nani?" nilimuuliza Radi.

"Hakuna. Tunaiacha nafasi yake wazi, kwa heshima." Alinikonyeza. "Na kwani nani atajua, Fundi? Mimi na wewe tunajuana."

"Na mazoezi?"

"Nyimbo za miaka kumi na tisa unataka tuzifanyie mazoezi? Wewe leta tu rekodi ya onyesho letu la mwisho. Nataka makelele ya mashabiki kabla sijapanda."

Nikaleta. Kompyuta yangu hurekodi kila chombo peke yake, na mashabiki peke yao, kwa hiyo ilikuwa kazi ndogo. Mambo ya kuwapa watu wanachotaka nayajua sana.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Nusu nzima walikuwa wanalia kwa ajili ya sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Nami nilikuwa nakagua nyaya zangu nilipoona kiti cha plastiki kikiburutwa mpaka ubavuni pangu, na Mama akaketi, mkoba mapajani, pamba masikioni.

"Nimekuja kukaa kwako, baba," akasema. "Ile siku sikumpata vizuri. Nilimwambia mwanangu kwamba nimemsikia, akafurahi mno, lakini sikumsikia. Na yule bwana mkubwa kasema redioni leo atakuwa nasi. Sasa mimi ni mtu mzima, sitakuja tena huku. Akifika, nishtue."

Nikasema, "Sawa, Mama." Tazama mwanamume mzima.

Radi alipanda kwa makelele ya kwenye rekodi, akahutubia dakika kumi na moja, tisa zikimhusu yeye. Akaonyesha pale mahali patupu jukwaani, watu wakalia tena. Kisha akainua mkono na wimbo ukaanza.

Ulidumu labda nusu dakika. Nyundo aliinamisha sikio kwenye spika yake ndogo, akakuta kimya, akafuata gitaa. Gitaa likamwona anakuja kasi, nalo likaongeza mwendo. Mwimbaji akabaki katikati, mdomo wazi, hajui amdandie yupi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: wakamaliza kila mtu kwa wakati wake.

"Mitambo!" Radi akacheka kwenye maikrofoni. "Fundi, amka huko!"

Wakaanza upya. Safari hii hata nusu dakika hawakufika. Kuna mtu akapiga mluzi, mwingine akauliza kwa sauti kama hawa ndio wenyewe. Ndipo Nyundo akaweka vijiti chini, akavuta maikrofoni ya mwimbaji.

"Spika yangu iko kimya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeng'amua jambo palepale, mbele za watu. "Dobi hayumo. Mimi... nilikuwa namfuata Dobi. Siku zote. Hawa wote walikuwa wananifuata mimi."

Mama akanishika mkono wa shati. "Wanasemaje kuhusu mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. Uzoefu nilikuwa nao.

"Mama," nikasema, "siku ile hukumsikia kwa sababu nilimzima. Si siku ile tu. Miaka yote nilimzima, kwa kuwa niliambiwa nimzime. Na alikuwa akiniuliza kama amesikika, nikawa namwambia ndiyo." Nilikuwa nalia kama bomba bovu, mbele ya mikisa yangu. "Nisamehe."

Hakuniambia amenisamehe. Akaitazama meza. "Hapa unamzimia wapi?"

Nikamwonyesha kidude cha saba. Akasoma plasta taratibu, herufi nne. "Na ukimwasha, yumo?"

Rekodi ilikuwa mbele yangu. Nikazima mashabiki, nikazima gitaa, nikazima mwimbaji na dramu, nikamwacha Dobi peke yake, nikampeleka kwa Nyundo na kwenye spika zote kubwa za ukumbi. "Yumo, Mama. Sukuma wewe."

Akapangusa vumbi kwa pindo la khanga yake kwanza. Halafu akaweka kidole na kusukuma mpaka juu kabisa.

Viti vya plastiki vilianza kutembea vyenyewe. Funguo zikalia ndani ya mkoba wake. Ilikuwa besi nzito, pole, isiyo na haraka na mtu, kila pigo limekaa mahali pake kama shuka lililokunjwa na mjuzi. Nyundo akaokota vijiti na kuingia. Mwimbaji akaingia. Radi alizungukazunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga, kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamfuata mtu. Na nitasema ukweli ingawa unaniuma: ilikuwa bendi nzuri. Tungekuwa bendi nzuri muda wote ule.

Wimbo wa pili Radi akakumbuka yeye ni nani. Akanitazama kutoka jukwaani, akageuza dole gumba chini.

"Yule anataka nini?" Mama akauliza.

"Anataka tushushe besi."

Mama akatoa pamba sikio la kulia, akatoa na la kushoto, akazifunga zote mbili ndani ya kiganja. "Mwambie sisikii," akasema. "Nina pamba masikioni."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya kidude cha saba wakati mlinzi wa geti alipoingia mbio, kofia mkononi, akaja moja kwa moja mezani kwangu. "Fundi! Kuna nini humu? Geti linatetemeka. Watu wamesimama barabarani kule, wanauliza ni nani huyo."

Aliniuliza mimi, ila jibu halikuwa langu.

"Ni mwanangu," Mama akasema.