Jogoo Huyu Mama Yake Nani?

Mwezi wa Machi wingu hupita juu ya Garissa kama mgeni aliyekataa chai: linakutazama kidogo, kisha linakwenda zake. Nasteho aliyazoea mawingu hayo tangu utotoni. Basi siku alipomwona kuku wa aina ya Orpington mwenye rangi ya bluu, katika shamba la chuo alikosomea mifugo, alidhani wingu moja limechoka kupita, likashuka litembee. Kuku alikuwa mpana, mzito, manyoya yamemjaa kama blanketi, na mwendo wake ulikuwa wa bibi harusi anayeogopa kukanyaga nguo. Tangu siku hiyo Nasteho hakulala usingizi usiopitiwa na ndege huyo.

Alirudi mtaani kwao Bulla Iftin na trei ya mayai ya kuku hao mapajani. Miaka mitatu baadaye alikuwa na banda la wavu lililoezekwa makuti ya mkoma, magunia mabichi yakining'inia kila upande ili upepo unaopenya uwafikie kuku ukiwa umepoa.

Alikuwa pia na hofu. Kila kizazi kilitoka kidogo kuliko kilichotangulia. Babu yao alikuwa na kilo tano. Wanawe wakafika nne. Wajukuu walikuwa hawazidi tatu na nusu. Kizazi kingine cha namna hiyo, nao wangekuwa kuku wa kawaida tu wenye rangi ya majivu, na ndoto yake ingekuwa imeyeyuka juani.

"Abaayo, dada yangu, hawa wako wanarudi kuwa mayai," binamu yake Kadar alimtania, akishusha madumu ya maji kutoka kwenye pikapu. "Mwakani utawatia mfukoni."

"Cheka tu. Na ngamia wako wako wapi?"

"Wallahi, mimi nikikosa ngamia nakosa kitu cha maana."

Nyanya yao, Ayeyo Istahil, hakucheka. Alikuwa amechunga ngamia miaka hamsini kule ng'ambo ya Habaswein, mpaka ukame na magoti vikamleta mjini. Kuku hakuwa amemgusa hata mmoja. "Kiumbe hana maziwa, hana nundu," alizoea kusema, "utamsalimu nini asubuhi?" Hata hivyo kila asubuhi aliburuta kigoda chake hadi kando ya banda, tasbihi mkononi, akatazama hadi jua limfukuze.

Siku hiyo ilikuwa ya kuchagua. Jogoo mzee alikuwa hapandi tena, na mmoja wa wajukuu ilibidi arithi banda. Nasteho alikuwa ametenga wawili. Mmoja alikuwa bluu safi, kila unyoya umezungushiwa uzi mweusi kama kitambaa kilichopindwa na fundi hodari. Wa pili alikuwa mweusi tititi. Kwenye mizani walilingana.

"Kwa nini unajisumbua?" Kadar alisema. "Wa bluu ndiye ndoto yako."

Nasteho alifungua daftari lake akasoma kwa sauti: huyu wa bluu, baba yake fulani, babu yake fulani.

"Na mama yake?" Ayeyo aliuliza.

Nasteho alipekua kurasa; hapakuwa na mama hata mmoja. Aliwaandika kuku wake kama alivyofundishwa kuhesabu nasaba yake mwenyewe akiwa na miaka mitano: baba, baba wa baba, hadi wa kumi na nane. Majike wote walitaga pamoja, na mayai yakaingia beseni moja.

"Miaka minne chuo kikuu," Ayeyo aliiambia tasbihi. "Mtu unamwita kwa baba yake. Ngamia unamwita kwa mama yake. Dume ni moja kwa kundi zima, litakuambia nini?" Akanyoosha kidevu. "Huyo wa bluu ni mwana wa yule jike mdogo. Tazama kidole."

Kidole cha kati cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda kidogo. Nasteho alikuwa amekiona mara mia, akadhani ni jeraha. Sasa alikiona kwenye mguu wa koo mdogo aliyekuwa akichakura kando ya maji. Akakiona tena kwa vijana watano, sita, saba.

"Na mweusi?"

"Wa yule mpana. Mwenye kifua kama mlango."

Nasteho hakutaka kuamini. Alimtenga kila koo kwenye kona yake kwa siku kumi na tisa. Joto lilipopanda, wale wapana walikaa midomo wazi, wakihema, wasitage. Yule mdogo hakujali. Kati ya mayai ishirini na mawili, kumi na manne yalikuwa yake. Miaka mitatu Nasteho alikuwa akimshukuru Mungu kwa wingi wa mayai, kumbe alikuwa akikusanya udogo.

"Hana kosa," Ayeyo alisema. "Ni mvumilivu. Mwache atage, tule. Ila asikuzalie dume."

"Lakini nikimchukua mweusi, rangi, Ayeyo..."

Akaishia hapo, akachuchumaa mchangani. Alikuwa na majike watatu weupe wenye madoa ya kijivu, ambao Ayeyo alisema ni mabinti wa koo mwingine mpana, naye alikuwa amewadharau kwa sababu hawakuwa bluu. Alichora duara jeusi na duara la madoa.

"Kila mzazi anatoa nusu," alisema polepole. "Mweusi akikutana na madoa, watoto wanatoka bluu."

"Wangapi?"

"Wote."

"Sasa ulikuwa unalia nini?"

Lakini alilia, alipomkumbatia yule wa bluu kwa mara ya mwisho na kusikia moyo wake ukienda mbio chini ya manyoya. Mjomba wao wa Habaswein alimtaka jogoo huyo awe pambo mbele ya duka lake. Kadar, bila mzaha hata mmoja, alilowesha gunia akalitandika vizuri ndani ya kreti.

Pikapu ilipoondoka, Nasteho alifungua ukurasa mpya. Ayeyo alimtajia makoo mmoja mmoja na mabinti zao, naye akaandika. Walipomaliza aliuliza, "Na wewe, mama yako aliitwa nani?"

Ayeyo alisimamisha tasbihi. "Weris," alisema. "Na mama yake aliitwa Yurub. Andika taratibu, wapo wengi."

Bandani, mweusi aliingia kwa majike wenye madoa. Alisimama kidogo kama aliyesahau alichojia. Kisha akashusha bawa moja hadi mchangani, akaanza kuwazunguka.