Ukucha, Namba Tisa

"Namba moja ni 'Ukucha', andika tu, mbona unan—"

"Siandiki. Hiyo ni namba tisa. Tena ni tisa kwa sababu—"

"—watu wazima na ndevu zao wanalia kwenye huo wimbo—"

"—kwa sababu albamu haina wimbo wa kumi."

Mke wangu akajijaza pini mdomoni. Ndiyo njia yake ya kunifungia mlango usoni huku tukiwa chumba kimoja.

Na duka letu ni chumba kimoja kweli. Yeye na cherehani yake wako dirishani, mimi na meza ya kuchapia fulana niko nyuma, na katikati kuna kamba za kuanikia, kwa hiyo tukigombana tunagombana kupitia nguo za watu. Wiki hiyo kazi ilikuwa moja tu: fulana za Kengele.

Kengele ni mwimbaji wa roki. Sauti yake ndiyo iliyompa jina, ikilia hata viziwi wanageuka. Tulikuwa kundi moja, mimi nikipiga besi na kuitikia, mpaka alipotuaga kistaarabu akaenda kurekodi albamu yake ya kwanza peke yake. Sasa kila wimbo ulitakiwa uwe na fulana yake, na yeye alituachia sisi kuzipanga. Wimbo bora utachapwa kwa wingi, wa mwisho utachapwa kwenye fulana chache za kufutia vumbi. "Nyie ni watu wangu," alisema, "pangeni wenyewe." Ndiyo tukapanga, kwa chaki, ukutani.

Nyimbo nane hazikutusumbua. "Jenereta" ilikuwa juu, maana ule ukelele wa mwanzo ulimwangusha paka wetu kabatini. Mwisho wa hizo nane tukaiweka ile anayonong'oneza jina la mwanamke mpaka unahisi amesahau maneno mengine. Ikabaki "Ukucha".

Niseme tu: nilikuwa namwonea wivu. Redio ikimtaja, naongeza sauti ili nisikie vizuri kinachoniuma. Kwenye jalada la albamu amesimama peke yake, kavaa koti ambalo mimi ndiye nilimwambia linampendeza. Zamani watu walituita chanda na pete. Sawa, yeye amekuwa pete inayong'aa, mimi nimebaki chanda, tena cha mguuni. Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni kwamba mke wangu, kila akitunga uzi kwenye sindano, alikuwa anauimba "Ukucha" polepole, macho kayafumba nusu. Mimi nimepiga besi miaka yote hiyo mbele yake na hajawahi kufumba hata kope moja.

"Ukucha hauanguki," nikamwambia kupitia fulana zilizoanikwa. "Unang'oka. Hata Kiswahili chenyewe kimemshinda."

Akatema pini kwenye kiganja. "Uliacha chuo kabla hawajakufundisha maana, sasa unasahihisha watu."

"Maana gani? Ukucha umeanguka, nani atanisitiri. Huo ni upuuzi."

"Ukuta ukianguka," alisema bila hasira, ndiyo maana nilisikia, "mtaa mzima unakuja kukusaidia. Ukucha ukianguka, unavaa kiatu unaenda kazini."

Nikachovya raba ya kuchapia kwenye wino ili nipate pa kuangalia.

Sasa, kitu asichokijua ni hiki. Wimbo wa Kengele ulikuwa unasema ukuta. Ukuta umeanguka, nani atanisitiri. Aliutunga akiwa na huzuni zake, na usiku wa onyesho letu kubwa, alipofika kwenye kiitikio na taa zote zikamwangukia, mimi kwenye maikrofoni ya pembeni nikaitikia kwa sauti ya msibani: ukucha umeanguka. Ukumbi mzima ukacheka mpaka mpiga ngoma akadondosha fimbo. Kengele hakuniongelesha wiki nzima. Na leo yule yule kalichukua neno langu, kalivalisha gitaa la machozi, na mke wangu analifumbia macho.

Mchana Kengele akaja kuangalia kazi. Akamsalimia shemeji yake, akasifia mishono, akanipiga bega, halafu akageukia ukuta. Alisoma kutoka juu. Alipofika chini kabisa, kwenye "Ukucha" niliyoiandika ya tisa, akasimama hapo muda mrefu kuliko herufi zilivyohitaji.

Mke wangu akawahi kusema yeye hayumo, hiyo tisa ina mwenyewe.

"Najua ina mwenyewe," Kengele akasema. Akaeleza kwamba alijaribu kurekodi kwa ukuta, mara nyingi, na kila mara ulitoka kama wimbo wa kila mtu. Siku moja ulimi ukateleza ukasema ukucha, na fundi mitambo, aliyekuwa anakula, akaacha kula. "Utani wako ulikuwa mzuri kuliko wimbo wangu. Niliona aibu kukuambia."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi roho ilizidi kuniwaka, maana sasa hata wivu wangu alikuwa ananinyang'anya, anaugeuza shukrani.

"Haukuwa utani," nikasema.

Wote wawili wakaniangalia.

Nikasema basi, mficha uchi hazai. Nikamkumbusha tulivyopandisha lile spika kubwa kwenye ngazi jioni ile ya onyesho, mimi chini, yeye juu, na wasichana wa mlangoni wakaita jina lake, naye akaachia mkono mmoja awapungie. Spika likashuka. Lilinikuta kidole gumba cha mguu. Nilifunga kitambaa, nikavaa kiatu, nikapanda jukwaani, na yeye alipoimba ukuta, mimi nilichokuwa nakisikia ndani ya soksi hakikuwa ukuta. Neno lilinitoka lenyewe. Watu walipocheka, nikaona bora niwe mchekeshaji kuliko kuwa kilema wa mkono uliopungia wasichana.

"Si uliniambia ukucha uling'oka mpirani?" mke wangu akauliza taratibu. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Mpira ulikuwa na heshima zaidi."

Kengele akatazama kiatu changu. Nilijua kinachokuja. Ataniomba msamaha, mimi nitajifanya nafikiria. Au ataniahidi jina langu kwenye jalada, na mimi nitakataa mara moja tu, isizidi. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa uso wa kukataa. Mke wangu naye, namjua, alikuwa ameshashika chaki apandishe tisa iwe moja.

Kengele akavuta kigoda cha wateja hadi mbele yangu. Hakukikalia. Akapiga goti sakafuni, kwenye nyuzi na madoa ya wino, akakigonga kile kigoda kwa kiganja.

"Weka mguu hapa," akasema. "Vua kiatu, nikione hicho kidole."