Jumamosi za Kuosha Bobkati

Dorca aliposema ananunua bobkati, watu wa mtaa wa Obunga, Kisumu, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama wa kuuza mchanga na kokoto kando ya barabara, atafanya nini na tingatinga ndogo ya kuzolea vifusi? Mashine yenyewe fupi, pana, ina magurudumu manne yasiyojua kukata kona. Ikitaka kugeuka, upande mmoja unakwenda na mwingine unakataa, basi inajizungusha palepale ilipo. "Mama Debra amepata pesa ya kuchezea," wakasema, maana ndivyo walivyomwita. Dorca aliwaacha waseme. Alikuwa na jibu la biashara, tena jibu zuri: kamati ya ufuo wa wavuvi ilitafuta mtu wa kuzoa magugu maji yanayojazana pale mashua zinapofika, na koleo za mkono zilikuwa zimeshindwa kabisa.

Jibu la kweli hakumpa mtu. Jibu la kweli lilikuwa Ooko, ndugu yake wa mwisho.

Ooko hakuwa mvivu wala mlevi. Aliyesema hivyo hakumjua. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: akiharibu kitu, anatoroka. Alipoangusha lori la mkandarasi mtaroni, hakungoja hata kuulizwa; alikuja kuonekana Bondo, kwa rafiki. Alipovunja injini ya boti ya jirani alikimbilia Pap Onditi, na huko akakaa hata mama yao alipolazwa. Mama alikata roho akiulizia kila mlango ulipofunguliwa, "Ni Ooko?" Hakuwa Ooko. Siku ya mazishi alikuja akasimama nyuma kabisa, na watu walipoketi kula alikuwa ameshaondoka. Dorca alimkasirikia, akamlilia, akamkasirikia tena. Sasa alikuwa amemrudisha mjini kwa ahadi ya mashine, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine duniani ambacho Ooko alikipenda hivyo. Na moyoni alijua kwamba akitoroka safari hii, hatamwona tena.

Mashine ilikuwa ya Wahome, mzee wa kutoka Nyeri mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kibuye. Alikuwa ameitumia miaka mingi kuzoa mbolea katika shamba lake la kuku. Mlango wa bobkati uko mbele. Kila ukiingia lazima upande juu ya baketi, lile koleo lake kubwa la kuzolea, na magoti ya Wahome yalikuwa yamegoma.

Ooko aliweka kiganja juu ya injini kabla hata salamu hazijaisha.

"Iko baridi," alimnong'oneza dada yake.

"Nilijua mtashika," Wahome akacheka. "Mtu akikuuzia mashine ameshaipasha moto asubuhi, ujue kuna kitu anaficha. Washa mwenyewe."

Iliwaka, ikatoa moshi kidogo, ikatulia. Ooko aliinua mikono ya baketi mpaka juu, akaitazama muda mrefu kuona kama itashuka yenyewe. Haikushuka. Aliishusha, akazima, akachukua mtaimbo akatikisa pini moja moja. Akapitisha kipande cha katoni kando ya mipira ya haidroliki, maana oili ikitoka pale kwa nguvu inaweza kutoboa mkono. Dorca alikuwa amemwona ndugu yake akitembea mjini kwa mabega yaliyoanguka. Huyu aliyeinama chini ya mashine alikuwa mtu mwingine.

"Hii mita inaonyesha masaa kidogo tu," Dorca akasema, akijifanya mjuzi.

"Mita usiiamini, nyaminwa," Ooko akamjibu, akimwita dada kwa Dholuo. "Angalia pedeli vile zimelika. Hii kitu imefanya kazi. Lakini imetunzwa."

"Imetunzwa sana," Wahome akadakia. "Wacha nikwambie vile inaishi. Grisi kila asubuhi, kabla ya chai yako. Injini iache ingurume kidogo kabla hujaibebesha. Rejeta ipulizwe vumbi. Na usafi! Hapo sina mchezo. Tope likikaa huko chini linakula kila kitu. Uniletee mashine chafu hapa nikufukuze."

"Usafi, mzee. Nimeshika," Ooko akasema, naye hakuwa akitania.

Basi kazi ikaanza. Bobkati ilishuka ufuoni, ikazama mdomo katika magugu, ikainuka na furushi la kijani linalovuja maji, ikageuka palepale na kwenda kulimwaga mbali. Akina mama wa samaki waliacha kuicheka na kuanza kuipangia foleni: huku kwanza, hapana, kwangu kwanza. Kila asubuhi Ooko alikuwa chini yake na bomba la grisi, akiisemesha kwa Dholuo. Dorca alipopita na chai, alikuta mikono yake imejaa grisi na uso wake umejaa furaha, naye akaona raha ambayo hakuwa ameipata tangu mama yao afariki.

Kisha ikaja Jumamosi. Mtu asiyeijua Kisumu hawezi kuelewa, kwa hiyo ni heri aambiwe: hapa mwenye gari anayelipenda gari lake haliogeshi kwa ndoo nyumbani. Analipeleka ziwani. Analiingiza majini kwa mbele au kwa nyuma mpaka magurudumu yafunikwe nusu, vijana wanavua viatu, wanalisugua kwa sabuni, na mwenyewe anakaa pembeni na samaki wake akitazama. Tuktuk zinaoshwa hivyo, malori yanaoshwa hivyo, na Ooko, aliyeambiwa usafi, aliiosha bobkati hivyohivyo. Jumamosi ya kwanza aliiingiza mpaka maji yakagusa tumbo. Jumamosi iliyofuata akaenda mbele zaidi, kwa sababu tope la chini ndilo alilokatazwa. Watu walikuja kutazama tingatinga ikioga. Dorca naye alikuja. Alipiga makofi, akapiga picha, akamnunulia ndugu yake soda baridi, akawaambia waliokuwa karibu, "Huyo ni ndugu yangu." Alilisema hilo kwa sauti.

Haikuchukua muda, upande wa kulia ukaanza kulia. Kwanza mlio mdogo, kisha mgongano wa chuma kwa chuma. Asubuhi moja, pale ambapo mashua zilikuwa zinaingia na samaki, mashine iligoma kabisa upande huo. Upande mmoja ulikwenda na mwingine haukwenda, ikawa inazunguka tu na baketi yake imejaa, imeziba njia. Wavuvi walipiga kelele. Akina mama wakashika viuno. Ooko alizima, akashuka, akasimama.

Dorca aliuona uso wake. Aliujua uso huo. Macho yalikuwa yameshaanza kutafuta barabara.

Ndipo akafanya alichofanya. Alipaza sauti kuliko wote. "Huyo Wahome ametuuzia mashine imekufa! Ametuibia! Ooko, twende!" Akamshika mkono, wakapanda boda wote wawili mpaka Kibuye. Hakuwa na ushahidi wowote. Alichotaka ni kosa liwe la mtu mwingine, mtu yeyote, mradi lisiwe la Ooko.

Dukani kulikuwa na wateja. Mkewe Wahome, Wamaitha, alikuwa akipima misumari. Dorca hakusalimu.

"Mzee mzima huna aibu? Unapaka mashine mbovu rangi unatuuzia! Nyinyi watu wa Nyeri mmekuja huku kutunyonya tu, hata kanisani mnakaa viti vya mbele!"

Mwenye boda aliyewaleta alitazama chini. Wamaitha aliacha misumari kwenye mizani. Wahome alivua miwani yake, akaifuta polepole, na Dorca alitamani arudishe yale maneno kinywani, lakini yalikuwa yameshatoka. Ooko alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mashine iko wapi?" Wahome akauliza.

"Ufuoni."

"Ngoja nichukue spana."

Ufuoni, mzee alijilaza kwa ubavu kwenye mchanga, magoti yakimuuma, watu wamemzunguka, Ooko miongoni mwao. Alifungua nati iliyo chini ya boksi ya cheni, lile sanduku la chuma linalobeba cheni za kuzungusha magurudumu na oili yake. Oili nzuri hutoka nyeusi au ya rangi ya asali. Iliyotoka hapo ilikuwa nyeupe nyeupe, kama chai ya maziwa. Ilitiririka, ikaendelea kutiririka.

Wahome alichovya kidole humo, akakinusa.

"Hii imekunywa maji," alisema. "Maji mengi. Mnaoshea wapi?"

Mmoja wa wavuvi alikohoa, akaelekeza kidevu ziwani.

"Ndani?" Wahome alitazama ziwa, akatazama mashine, akalitazama ziwa tena. Hakukasirika. Alikuwa mtu aliyepigwa na butwaa. "Ngai, Mungu wangu! Mimi nilisema usafi. Kwetu usafi ni ndoo na brashi na upepo wa kompresa. Sikufikiria mtu anaweza kuingiza mashine ndani ya ziwa. Zile sili za ekseli, hizo pete za mpira, zinazuia oili isitoke. Ziwa zima ziwezane nalo aje?"

Dorca aligeuka kumtafuta Ooko. Hakuwepo.

Alitazama nyuma ya mashua, kwenye banda la mizani, barabarani. Alipiga simu, ikasema mteja hapatikani. Akapiga tena, mteja. Akakaa ukingoni mwa baketi, juu ya magugu yaliyoanza kunuka. Ameenda, alifikiri. Ameiona hiyo oili nyeupe, akajua, na ameenda. Aliwaza stendi ya magari ya Bondo. Aliwaza atawaambia nini watoto wa Ooko, waliokuwa wameanza kumzoea baba yao upya.

Wahome alisimama kwa taabu, akijifuta mchanga.

"Mama Debra, sikiza," alisema kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Cheni haijakatika. Ni beringi ya huku imekwisha, na sili. Tunaweza kuiokoa. Na huyo ndugu yako, mwambie sili zilikuwa kuukuu tangu nikiwauzia. Ni kuukuu kweli, si uongo sana. Wacha ikae kwangu. Mimi ni mzee, na tayari umeshanitukana, haitaongeza kitu."

Dorca alimtazama mtu huyo ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemdhalilisha mbele ya mkewe, akaona aibu. Ilikuwa rahisi kukubali. Angempigia Ooko simu akipatikana, angemwambia njoo, si wewe, ni Wahome. Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka kusema ndiyo.

"Hapana, mzee," alisema. "Nisamehe. Nilijua nasema uongo hata nikisema. Na kama ni kosa, si la Ooko peke yake. Yeye alikuwa anaosha. Mimi ndiye nilikuwa nampigia makofi."

Alisema hivyo bila kushusha sauti, wavuvi wakasikia, akina mama wakasikia. Hakuna aliyecheka. Wahome aliitikia kwa kichwa tu, akampa spana ashike, akainama kufungua upande wa pili. Upande huo nao ulitoa chai ya maziwa.

Simu ya Wahome iliita wakati wamejaa oili mpaka viwikoni. Alimwomba Dorca aibonyeze na kuiweka sauti ya juu. Wamaitha alianza kwa Kikuyu, kwa haraka.

"Sema kwa Kiswahili," Wahome akamkatiza. "Mama Debra yuko hapa anasikia."

Wamaitha akageuza lugha. "Ni huyo kijana wake. Amerudi hapa dukani. Nimempa kiti amekataa. Ameniuliza nani walikuwa hapa wakati Mama alikutukana, nikamwambia wengine wameenda. Amewafuata! Amemrudisha mwenye boda, amemrudisha yule wa kununua mabati, amewasimamisha wote mlangoni. Anatetemeka, Wahome, mpaka nilimwonea huruma. Amewaambia, 'Mzee alituuzia mashine nzima. Mimi ndiye niliingiza ziwani. Msimseme mzee tena.' Ameirudia mara nyingi, hata mpita njia alisimama."

Wahome alijifuta paji la uso kwa kiwiko, akaliacha na doa.

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anauliza kama tuko na oili ya boksi ya cheni. Na anauliza kama atakuja kusaidia kufunga, ama ameshafukuzwa."

Dorca aliishika simu kwa vidole vyenye oili. Alikuwa na maneno ya miaka mingi, mengine ya hasira.

"Ooko," alisema.

"Nyaminwa." Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Usifunge hiyo mashine kabla sijafika. Nakuja."

Dorca alilia palepale mbele ya wavuvi wote, kwa sauti, simu ingali mkononi, na hakumficha mtu.