Taa ya Mfongo

Tangu Zita arudi kutoka chuo cha ualimu, kila alasiri alikaa jikoni na mama yake wakimenya ndizi kabla ya kuwasha moto. Mama alimenya tatu, Zita bado akihangaika na moja.

"Huko chuoni walikufundisha kila kitu isipokuwa kisu," mama alisema Jumatatu ile.

"Tulikuwa tunapikiwa, Mama."

"Basi huko Sumbawanga ulikopangiwa kufundisha utawaambia wanafunzi wakumenyee."

Zita akacheka kidogo, kichwa chini. Alipoinua uso kicheko kikamkatika. Juu ya mafiga, taa ilikuwa inawaka.

Ilikuwa taa ya mbele ya baiskeli. Baba yake, Sirili, ndiye aliyeitundika pale. Fremu ya baiskeli yake ilipovunjika, mafundi wa Majengo walimwambia aiuze kama chuma chakavu, lakini yeye akairudisha nyumbani. Gurudumu la nyuma alilizungushia vipande vya makopo, akalisimamisha ndani ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mtoni mashambani kwa zamu. Dainamo akaiegemeza kwenye tairi, waya akaupitisha migombani hadi jikoni. Kila zamu yao ilipofika gurudumu lilizunguka, taa ikawaka, na mama akachukua jembe kwenda kuelekeza maji shambani. Majirani walimcheka, kisha wakaanza kuleta wageni wao waione.

Lakini zamu yao ilikuwa Alhamisi. Na Sirili alikuwa na mwezi wa tano kaburini, chini ya migomba ile ile alimopitisha waya. Mwili wake uliokotwa korongoni, karibu na banio ambapo maji ya mfongo hugawanywa.

Mwanga ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Mama akaweka kisu chini.

"Umefika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama, unaongea na nani?"

Taa ikafifia, ikazimika. Zita akakimbia hadi mfongoni. Makopo yalikuwa yanadondosha matone, lakini maji hayakuwapo. Hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mikahawa, na hata jani moja halikutikisika.

Jumanne ikawaka tena. Jumatano vilevile. Alhamisi, zamu yao ilipokwisha na mfongo kukauka, ikawaka mara ya pili. Sasa mama alikuwa akiingoja. Alimpa jirani mtungi wake wa mbege, pombe ya ndizi, akamwekea Zita kitenge kipya ambacho hakuwahi kukivaa.

"Baba yako ananiita," alisema, ametulia kama anayengoja basi. "Jumamosi wewe ukiondoka, na mimi niondoke."

Wizara ilikuwa imeshampangia Zita shule, na asiporipoti, kazi ingepotea. Lakini angemwachaje mama yake na taa ile?

Ijumaa alasiri alisema anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Akajibanza kando ya gurudumu. Muda ulipita. Kisha majani makavu ndani ya mfongo yakaanza kusogea yenyewe, na nyuma yake maji yakaja yakitambaa, bila sauti, kama kitu kinachotafuta njia. Gurudumu likalia. Dainamo ikaunguruma. Kutoka jikoni akasikia sauti ya mama yake.

"Nakuja, Sirili."

Zita alitaka kurudi nyumbani, lakini aliyafuata maji kule yalikotoka, akapanda ukingo kwa ukingo hadi kwenye banio. Mtu alikuwa ameinama, akirudishia mabonge ya udongo na vigogo vya migomba ili kuyafunga. Alikuwa Yoramu, msimamizi wa mfongo, rafiki wa baba yake tangu utoto.

"Shikamoo, Mzee Yoramu."

Mzee alishtuka kuliko yeye. "Marahaba." Akaficha mikono yenye tope mgongoni.

"Leo si zamu yetu."

"Najua. Nawapa kidogo kidogo, wenzangu wasione."

Chuoni Zita hakuwahi kunyoosha mkono, hata jibu alipolijua. Sasa alisema. "Mama anadhani ni baba. Ameanza kugawa vitu vyake, mzee. Anasema anamfuata."

Yoramu akamalizia kuyafunga maji, akachuma jani la sale mpakani mwa shamba, akalifunga fundo. Jani hilo ni la kuombea msamaha, na Mchagga akiletewa halikatai. Wakashuka pamoja.

Mama alikuwa amesimama chini ya taa iliyozimika, amevaa gauni lake la kanisani. Yoramu akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Mama akalipokea.

"Nimelichukua, shemeji," alisema. "Sasa niambie la nini."

Yoramu akamtazama Zita, kama anayemwomba amsemee. Zita akarudi nyuma, akamwachia aseme mwenyewe.

"Mama Zita, Alhamisi ile maji yalikuwa yenu," mzee alisema, macho chini. "Niliyageuzia kwangu. Nilijua Sirili ni mpole, hataniuliza. Hakuniuliza kweli. Alipanda mwenyewe kuyatafuta, akateleza korongoni." "Hakuiti, Mama Zita. Ni mimi ninayewafungulia maji kwa siri, kulipa yale. Tangu siku ya mazishi nimetaka kukuambia kwamba mumeo alikufa kwa sababu yangu."