Ufunguo wa Gari na Fundi Saa

Fundi saa hakuwa na ugomvi na kitu chochote duniani isipokuwa maji. Saa nyingi zilizomfia mezani ziliuawa na maji, na yeye mwenyewe alinawa uso kama paka. Sasa binti yake wa pekee, mtu mzima na akili zake, alitaka kuingia kikosi cha wapiga mbizi waokoaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mara mbili binti alikuwa ameshindwa mtihani, na kisa kilikuwa ufunguo wa gari, ule wa kisasa wenye betri, usiotaka hata tone la maji. Mara ya kwanza aliuficha juu ya tairi, akazama mwili tu, roho ikabaki kwenye maegesho. Mara ya pili aliutia kwenye kikopo kisichopitisha maji, akakifunga kiunoni. Huko chini akaona viputo vikikitoka, akapanda juu kabla ya wakati. Mwalimu alishamwambia kwamba leo ndiyo mwisho, akishindwa nafasi anapewa mwingine.

"Baba, kaa nao wewe," alisema, mtungi wa hewa mgongoni. "Wewe maji huyasogelei hata kwa kuvutwa na kamba."

"Nenda, mwanangu. Hapa umeweka benki."

Akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaketi juu ya kreti mbali kabisa na maji. Binti akazama. Moyo wa mzee ulimwenda mbio, na ajabu ni kwamba haukuwa woga mtupu. Alikuwa na hamu kama mtoto anayesubiri zawadi. Mlinzi wa ufukweni alimwita kivulini, akakataa.

"Mzee, atarudi, yule si samaki."

"Ndiyo nataka nimwone akirudi."

Mara kichwa cha binti kikaibuka, kisha cha mwalimu, ambaye aliinua mikono juu na kupiga makofi. Amefaulu.

Fundi saa hakujua alisimama saa ngapi. Alijua tu kwamba anacheka, anaita "mwanangu, mwanangu", na kwamba binti amevua miwani anamkodolea macho.

"Baba, maji yamekufika kifuani."

Mzee akapapasa mfuko wa shati. Ulikuwa umejaa maji.

"Mama yangu, ufunguo."

"Achana nao," binti akasema, akimfikia. "Nishike mimi, hapo mbele kuna shimo."